Bastola ya Mwalimu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili wale wanaoniandikia barua kila wiki kunikumbusha waokoe stempu zao.

Mliniacha wiki iliyopita ndani ya choo cha mgahawa wa Opal, saa sita na robo mchana, mkanda haujafungwa vizuri, nimekodolea macho kisanduku cha chuma kinachoshika karatasi. Robo saa kabla ya hapo nilikuwa nimeweka bastola yangu juu ya kisanduku hicho, imejaa risasi, imekokiwa. Sasa palikuwa na vumbi, na katikati ya vumbi alama ya bastola.

Kwa aliyejiunga nasi leo: naitwa Lonnie Pruett, na kazi yangu ni kuwafundisha watu wa kaunti yetu, huku mashariki mwa Oklahoma, kubeba bastola bila kujiua wala kuua jirani kwa bahati mbaya. Nimeifanya miaka kumi na mmoja. Watu mia tisa na ushee wamepita mikononi mwangu, wakiwemo wachungaji wawili na bibi wa miaka themanini na minne aliyenishinda shabaha mbele ya wajukuu wake. Na kila Jumamosi, kahawa ya kwanza haijapoa, huwaambia jambo ambalo kila mbeba bastola analijua na kila mmoja anaona haya kulitaja: suruali ikishuka, bastola inashuka nayo.

"Ukikaa chooni," huwaambia, "iache ndani ya ala, ndani ya suruali, hapo katikati ya miguu yako. Usiiweke juu ya kitu. Anayeiweka juu ya kitu huinuka na ule wepesi wa kumaliza haja, ananawa mikono, anapiga mluzi, anakwenda zake."

Darasa hucheka sana hapo. Mganga hajigangi.

Choo cha Opal ni kimoja tu, wanaume kwa wanawake, mlango mmoja, komeo moja. Kwa hiyo upelelezi wangu ulikuwa mfupi. Aliyeingia baada yangu ndiye anayo.

Nilishusha shati lifunike ala tupu, nikatoka nikitembea kama mtu aliyekalia mwiba. Kwenye kaunta alikuwa Garland Tate, polisi wa kaunti, kofia pembeni, anakula kambare wa kukaanga kwa vidole.

"Mwalimu," alisema bila kugeuka, "ulitoka, ukarudi, na humo umekaa mpaka nimemaliza samaki mzima. Tumbo?"

"Pilipili za Opal."

"Usimsingizie Opal. Huo ni umri."

"Nimesikia," Opal akajibu kutoka kwenye dirisha la jikoni. "Na wewe Garland umri haujakuzuia kuagiza sahani ya tatu."

Nikaegemea kaunta kwa ule upande wenye aibu. "Nani aliingia chooni baada yangu, pale mara ya kwanza? Nilisahau miwani."

"Miwani umeivaa."

"Ya kusomea."

"Coy Strickland aliingia," Garland akasema. "Aliomba choo, akatoka, hata kahawa hakuagiza."

Msomaji, kama kuna jina moja katika kaunti nzima ambalo sikutaka kulisikia, ni hilo. Coy alikuwa mume wa Verlene, mhudumu wa mgahawa ule ule. Kwa mwaka mzima amri ya hakimu ilimkataza kumkaribia Verlene na kushika silaha ya aina yoyote, na bunduki zake zikafungiwa stoo ya polisi. Lakini amri ilikuwa ya mwaka mmoja. Jumatatu mwaka ukatimia, na Jumatatu hiyo hiyo, saa tatu kamili asubuhi, Coy alikuwa dirishani pa stoo na pikapu yake.

"Nilimsaidia kupakia," Garland alisema, kana kwamba amesikia ninachowaza. "Bunduki kumi na moja. Mgongo unaniuma mpaka leo."

"Yuko wapi sasa?"

Garland akaelekeza mwiba wa samaki dirishani. Ng'ambo ya barabara ilikuwa pikapu ya Coy, pua yake imeuelekea mgahawa, kioo kimeshushwa. Alikuwa anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda nje. Tangu Jumanne alifanya hivyo kila mchana. Hakupiga honi, hakupunga mkono. Alikaa tu.

"Kukaa ndani ya gari lako si kosa," Garland akasema.

"Sijasema kitu."

"Uso wako umesema."

Basi nikajua nimekwisha. Bastola yangu, iliyosajiliwa kichwani mwa kila mtu mjini kwa ule mpini wa pembe niliozoea kujivunia, iko mikononi mwa Coy Strickland. Atakachofanya nayo kitaandikwa jina langu. Nilikuwa nimeshaanza kutunga nitakavyomweleza mke wangu, pale Verlene alipotoka jikoni na sahani mbili za nyama na mchuzi mweupe, akapita mbele yangu.

Aproni ilimning'inia upande wa kulia.

Aproni ya mhudumu hubeba kalamu na kijitabu. Kijitabu hakivuti mshipi wa kiuno mpaka fundo likapinda. Tena alitembea huku kiwiko kimebana ubavu, kosa la kila mtu anayebeba kwa mara ya kwanza. Nimewasahihisha watu mia tisa kosa hilo. Sijawahi kulifurahia kama siku ile, wala kuliogopa.

Alipoingia stoo ya chakula nikamfuata, nikafunga mlango. Magunia ya unga, makopo ya maharage, na sisi.

"Verlene."

"Choo hakina karatasi?"

"Nipe."

"Nikupe nini, Mwalimu? Kitaje."

"Unakijua."

"Mimi nakijua. Nataka kukusikia wewe ukisema kwa mdomo wako kwamba umeiacha bastola chooni."

Nikasema. Nilisema kwa sauti ya chini kuliko ninayotumia kanisani.

"Ulipokaa kumalizia pai yako, niliingia kupiga deki," alisema. "Nikaikuta imelala juu ya kile kisanduku kama kipande cha sabuni. Nikaitia mfukoni. Nafungua mlango nitoke, nani amesimama anasubiri zamu yake? Coy. Akaniambia, asante kwa kunipashia kiti moto." Akaniachia muda nihesabu. "Dakika moja, Mwalimu. Mteja wa meza ya nne angeomba chumvi tu, ningechelewa, angeikuta yeye. Bastola ambayo si yake. Ungewaambia nini watu kwenye maziko yangu?"

Nikafanya kama wafanyavyo wanaume waliobanwa. Nikatafuta kosa lake.

"Wewe huruhusiwi hata kuigusa."

"Najua. Ulinitangazia."

Nililitangaza kweli, na sitawaficha. Wiki sita kabla, Verlene alikuja darasani kwangu katika ukumbi wa Kanisa la Kibaptisti. Kabla ya kuanza kuna fomu, na kwenye fomu kuna swali: umewahi kuhukumiwa kwa kumpiga mwenzi wako wa ndoa? Wengine mia tisa waliandika hapana. Verlene akaandika ndiyo, kwa sababu ndivyo alivyo. Mtu mwenye adabu angemwita kando. Mimi niliinua karatasi juu.

"Jamani, tukae kwa tahadhari," nilisema. "Huyu mwenzetu amehukumiwa kwa kumpiga mume kwa kikaango. Coy, popote ulipo, pole."

Watu kumi na wanne walicheka. Wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. Kisha nikamwonyesha mlango.

Na habari ya kikaango niliijua, kama kila mtu. Miaka mitano iliyopita polisi waliitwa nyumbani kwao, wakakuta watu wawili wanatoka damu jikoni, na badala ya kuuliza nani alianza wakawabeba wote. Coy alikana kila kitu, akaita mwanasheria wa mjomba wake, faili likafia mezani. Verlene, mama yake alikuwa anakata roho hospitalini huko Tulsa. Wakamwambia: tia sahihi kwamba ulimpiga, ni kosa dogo, unakwenda zako sasa hivi. Akatia. Alimkuta mama yake bado ana saa moja ya uhai.

Ile sahihi ndiyo iliyomfunga. Aliyehukumiwa kumpiga mwenzi wake, hata kama kosa ni dogo namna gani, haruhusiwi kushika silaha maisha yake yote. Coy alizuiwa miezi kumi na miwili. Verlene mpaka kaburini. Sikuitunga mimi sheria hiyo. Mimi niliisoma tu kwa sauti, nikiongeza mizaha.

"Ulipaswa kwenda nyumbani siku ile," nilimwambia.

"Nilikwenda mpaka kwenye korido. Nikakaa chini nyuma ya mlango kwa muda wa saa saba. Una sauti kubwa, Mwalimu. Kidole kinyooke, kikae nje ya kifyatulio. Mdomo wa bastola uelekee mahali ambapo uko tayari kupaharibu. Nimeshika yote."

"Kusikiliza si kufuzu."

"Wewe umefuzu, na umeiacha chooni."

Nje nilimsikia Opal anagonga kengele ya sahani.

"Sikia," nikasema. "Garland akiona hicho kitu mfukoni mwako ni jela, na si hii ya hapa mjini. Na mimi..."

"Na wewe leseni ya kufundisha kwaheri."

"Hilo pia."

"Hilo kwanza," akasema. "Unajua nilisikia nini kingine pale koridoni? Ulisema haki ya mtu kujilinda haikutolewa na serikali, kwa hiyo serikali haiwezi kuichukua. Ulisema kila mtu anazaliwa nayo kama anavyozaliwa na mikono miwili. Watu wakakupigia makofi. Nami nikapiga, peke yangu, nimekaa sakafuni. Sasa niambie. Mimi nilizaliwa, au niliokotwa?"

"Nilisema kweli. Bado naamini kila neno."

"Ila?"

"Ila sikuwa nimekufikiria wewe."

Alicheka, si kicheko cha furaha. "Asante. Hata Coy hajawahi kuniambia ukweli mfupi namna hiyo."

"Nenda kwa dada yako. Wiki mbili tu, mambo yapoe."

"Nimeshahama mara mbili, Mwalimu. Kila mara anayefungasha ni mimi. Yeye hajawahi kufungasha hata soksi. Na hayapoi. Ananifuata na moto wake."

Nilinyoosha mkono kuelekea aproni. Sijui nilidhani nitafanya nini. Hakurudi nyuma, alinitazama tu ule mkono mpaka ukajishusha wenyewe. Na hapo ndipo kengele ya mlango wa mbele ilipolia, na nje mazungumzo yote yakakatika kwa pamoja, kama redio iliyochomolewa.

Verlene alitangulia kutoka. Nikamfuata.

Coy alikuwa ameingia. Bastola yake ilikuwa kiunoni, wazi, katika ala ya ngozi iliyong'arishwa. Kwetu hilo halimfanyi mtu aache kutafuna. Mwanamume kuingia mgahawani na bastola kiunoni ni kama kuingia na kofia. Aliacha kiti kimoja kati yake na Garland, akakaa.

"Garland."

"Coy."

"Kambare vipi leo?"

"Kama siku zote."

"Na mke wangu?"

"Si mke wako tena," Opal akasema kutoka dirishani.

"Bibi Opal, nakuheshimu kwa ajili ya mvi zako. Pika."

Verlene alishika jagi la kahawa, akamsogelea kwa upande wa pili wa kaunta. "Unataka nini?"

"Kahawa. Na tabasamu kama lipo."

"Kahawa ipo."

Akammiminia. Coy alitia mkono mfuko wa shati, akatoa ufunguo mpya unaong'aa, akauweka juu ya kaunta, akausukuma kwa kidole kimoja mpaka ukagusa kikombe.

"Wa kitasa chako kipya," alisema kwa upole. "Kile cha Jumanne. Fundi alikupa funguo mbili, lakini mtu akiomba vizuri hupata wa tatu. Nimeona nikurudishie. Sitaki useme mimi ni mwizi."

Verlene hakuugusa.

"Halafu bawaba za mlango wa nyuma zilikuwa zinalia," akaendelea. "Nimezitia mafuta. Sasa hazitoi hata sauti." Akanywa funda moja. "Bado unalala mdomo wazi, mpenzi. Nilidhani umri ungekuachisha."

Kahawa haikumwagika hata tone. Niliitazama mikono ya Verlene kwa sababu sikuweza kumtazama usoni. Ilitulia kabisa, na utulivu ule ulinitisha kuliko kama angetetemeka.

Nikamgeukia Garland. "Umesikia?"

"Nimesikia ametia mafuta bawaba."

"Ameingia ndani ya nyumba ya mtu."

Garland akashusha pumzi kama mtu aliyeombwa kuhamisha kabati. "Coy, uliingia ndani?"

"Mlango ule uko nje, Garland. Bawaba ziko nje. Na dirisha lake halina pazia, si kosa langu."

"Na ufunguo?"

"Nimerudisha."

"Amerudisha," Garland akaniambia, akachukua kipande cha mkate wa mahindi.

Hapo nikaona zamu yangu ya kuwa mwanamume imefika. "Coy," nikasema, "maliza kahawa yako uende." Na mkono wangu, wenyewe, bila kuniuliza, ukafanya ulichofanya kwa miaka kumi na mmoja: ukaondoa shati, ukakaa kwenye ala.

Ala ilikuwa laini kama glavu isiyo na mkono.

Coy ni mwindaji. Mwindaji haoni kilichopo tu, huona pia kilichopungua. Alinitazama kiunoni, akarudi usoni, akarudi kiunoni.

"Mwalimu, upande wako mbona umelegea?" Akampiga Garland begani. "Tazama. Nyigu amekuja bila mwiba."

Garland alitazama, akacheka mpaka mkate ukampalia. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao. Mtu aliyevuliwa nguo hadharani hucheka ili aonekane alijivua mwenyewe.

Ghafla Coy akaacha kucheka. Nilimwona akifanya hesabu ile ile niliyofanya mimi: choo, mimi, Verlene na ndoo ya deki, yeye. Jibu lilimfikia taratibu, likampendeza. Macho yakashuka mpaka kwenye aproni, yakatulia pale ambapo mshipi ulikuwa umepinda.

"Garland," alisema, "mtu aliyehukumiwa kwa kumpiga mumewe, anaruhusiwa kushika bastola?"

"Unajua haruhusiwi."

"Nataka kulisikia kutoka kwa sheria yenyewe."

"Haruhusiwi."

"Na raia mwema akiona kosa linatendeka mbele ya macho yake?"

"Anatoa taarifa."

"Basi natoa. Mpekue mke wangu."

Mgahawa mzima ukasikia mafuta ya Opal yanavyochemka. Garland alifuta vidole kimoja kimoja, akivuta muda, na nataka mjue kwamba hakulitaka jambo lile. Lakini lilikuwa limesemwa mbele ya watu. Akanitazama mimi.

"Mwalimu. Bastola yako iko wapi?"

Kama ningesema imeibwa, ningemfunga Verlene. Kama ningesema nimempa, tungefungwa wawili. Miaka yote nimewafundisha watu wasisite wakati wa hatari, na pale nilisita mpaka nzi akapata nafasi ya kutua puani. Mwishowe nikachagua uongo wa mtoto wa shule.

"Ipo kwenye gari."

"Twende tukaione," Coy akasema. Alikuwa ameshasimama.

"Kaa," Verlene akasema. Aliweka jagi chini, akahakikisha limekaa sawa. "Mwacheni Mwalimu. Kudanganya hajui. Ninayo mimi."

Akatia mkono mfukoni, akaitoa.

Alishika mpini juu kabisa, kama inavyotakiwa. Kidole kimenyooka pembeni, nje ya kifyatulio. Mdomo unaelekea kwenye vigae vya sakafu, mbele ya viatu vyake, mbali na kila mtu. Katika wanafunzi wote niliowahi kuwa nao, sijaona aliyefanya vizuri namna ile mara ya kwanza, na huyu ndiye niliyemfukuza.

Garland alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Mkono wake ulikuwa kwenye bastola yake mwenyewe. Coy naye alinyanyua mikono yote miwili mpaka mabegani, polepole sana, anatabasamu.

"Mnaona, mimi sijagusa yangu," alisema. "Bibi Opal, wewe shahidi. Mikono yangu iko juu. Mimi ndiye ninayetishiwa hapa."

"Verlene," Garland akasema, "iweke kaunta. Taratibu. Sitaki mtu aumie."

"Anza na yake."

"Yake ni halali."

"Alisimama dirishani kwangu nikiwa nimelala."

"Lete ushahidi, nitamkamata kwa mikono yangu. Na ukiogopa piga simu, tutakuja."

"Kwa dakika ngapi?"

Garland akapiga hesabu. "Barabara ikiwa kavu, thelathini na tano."

"Mara ya mwisho zilikuwa arobaini. Mkafika, mkanifunga pingu mimi. Wewe mwenyewe, Garland. Uliniomba radhi kwamba zinabana."

Shingo ya Garland ikawa nyekundu mpaka masikioni. Sikuwa nimelijua hilo. Watu wote wa kaunti tulijua habari ya kikaango, na hakuna aliyewahi kuuliza pingu zilikuwa za nani.

"Garland," nikasema, "andika mimi. Andika niliisahau chooni. Andika mwalimu ni mpumbavu, nitatia sahihi."

"Nitaandika, Mwalimu, usijali," alijibu bila kunitazama. "Lakini hiyo inakumaliza wewe tu. Yeye haimsaidii."

Coy akacheka kidogo puani. "Mnaona? Hata sheria inamhurumia. Verlene, mpenzi, weka hicho kitu kabla hujajiumiza. Hujawahi kushika kitu kikubwa kuliko kikaango."

Niliona mdomo wa bastola ukiacha vigae. Haukwenda haraka. Ulipanda mpaka usawa wa miguu ya viti, kisha mpaka usawa wa kaunta, ukasimama hapo. Coy aliendelea kutabasamu.

"Verlene, nisikilize mimi, usimsikilize yeye," Garland alisema, na sasa ya kwake ilikuwa imetoka nusu kwenye ala. "Ukiishusha sasa hivi, nitasema uliiokota, ulikuwa unamrudishia mwenyewe. Naapa nitasema hivyo. Lakini ukiinyanyua inchi moja zaidi sitakuwa na la kusema. Ni miaka kumi na mitano. Gereza la serikali kuu. Kuta mbili, lango la chuma, mlinzi kila pembe, usiku na mchana, na hutoki hata ukilia. Ndicho unachotaka?"

Verlene alimtazama Coy na mikono yake iliyo juu. Kisha akamtazama Garland, kwa muda, kama mtu aliyeulizwa swali la maana kwa mara ya kwanza siku nyingi. Kidole chake, kilichokuwa kimenyooka muda wote, kikaanza kupinda kuelekea kifyatulio.

"Kuta mbili, na mlinzi kila pembe," alisema. "Na Coy, huko wanamruhusu kuingia?"